Hoteli Niliyowaelekeza Kambu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kiti. Nilifika ofisi ya afya ya umma mjini Kitui kabla ya saa mbili asubuhi, nimevaa koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Afisa Mkuu akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema nimekunywa nyumbani. Akasema basi nitakunywa tena, akachukua kofia yake, tukatoka.

Alinipeleka kwenye hoteli moja nyuma ya soko. Huku kwetu hoteli si lazima iwe na vitanda. Ni pale unapopata chai, chapati, supu, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Tulikula mandazi, tukanywa chai, na muda wote huo hakusema neno juu ya kazi. Alipomaliza akaniuliza nimeona nini. Nikaanza kutaja buibui wa darini, ufa wa sakafu, dirisha lisilo na wavu, mambo niliyofunzwa chuoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maji ya kunawa yametoka wapi?" akauliza.

Sikujua.

"Na haya tuliyokunywa?"

Hayo pia sikujua.

"Buibui hajawahi kuua mtu hapa Kitui," akasema. "Kesho tutaanzia kwenye maji."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka thelathini na minne. Wenzangu wanaume waliitwa bwana afya. Mimi wakaniita Madam wa Afya, wengine Madam tu. Tulikagua majiko, machinjio na vyoo. Kila mhudumu wa hoteli alitakiwa kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba amepimwa na hana ugonjwa wa kuambukiza. Kila hoteli ilitakiwa kuwa na leseni ya chakula, na leseni haikutoka mpaka mkaguzi ajaze fomu na kutia sahihi. Palipokuwa na kasoro tuliandika notisi, barua ya kumpa mwenyewe siku kadhaa za kurekebisha. Na tulibeba kisanduku cha kupimia maji. Ndani yake mna kichupa cha kioo na vidonge vidogo vyeupe. Unatia maji, unadondosha kidonge, unatikisa. Yakigeuka pinki, klorini imo, yaani dawa ya kuua vijidudu bado ina nguvu. Yakibaki kama yalivyokuwa, hayana kinga. Ile rangi unailinganisha na kadi, unapata namba, namba unaiandika kwenye safu yake katika fomu. Ni kazi ya dakika tano.

Afisa Mkuu yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiingia jikoni alifungua tangi kwanza, akaingiza mkono, akanusa. Sufuria aliziangalia mwisho. Wenye hoteli walimwogopa, lakini sikumwona hata siku moja akimfokea mtu. Alikuwa akikaa kwenye benchi na mwenye hoteli, anamweleza, halafu anaandika.

Kazi hii ilinipa umaarufu ambao sikuutafuta. Mgeni yeyote aliyefika Kitui, awe mkaguzi wa shule, karani wa mahakama au mhubiri, aliambiwa akaniulize mimi wapi pa kula. Nilikuwa nawaambia: mbuzi, nendeni pale nyuma ya soko, na muone muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye paja kabla hajakatwa; chai, nendeni kwa mzee aliye karibu na stendi, kwa sababu anachemsha maji mpaka kifuniko kiruke; kachumbari, msile popote msipojua imeoshwa na nini. Mhandisi mmoja wa visima aliyetoka Ayalandi aliniambia kwamba kwao wageni hununua vitabu vizima vya kuwaeleza wale wapi na wanywe wapi. Akasema Kitui kitabu ni mimi. Nilicheka, na kwa kweli nilijivuna.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Matinyani, kusimamia vijiji vilivyo karibu na zahanati. Sikuwa na nyumba, kwa hiyo mchungaji wa kanisa la pale akanipa chumba kwake. Mkewe aliitwa Mama Ruth, kwa jina la binti yao mkubwa. Nilikaa kwao miaka miwili nikila mezani pao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ya chini, na aliniandalia uji kabla sijaamka. Mimi sikumwita Mama Ruth. Nilimwita mwaitu, mama yangu, kama mtoto wa nyumbani, naye aliniita Mwende tu, si Madam. Nilipougua malaria alilala kwenye mkeka karibu na kitanda changu. Nilipohama alinifungia mtama na kunde kwenye kiondo, akanisindikiza mpaka barabarani.

Niliolewa, nikazaa, nikafanya kazi sehemu nyingine mbili ambazo sina la kusimulia juu yake. Kisha nikapelekwa Kambu, upande wa Makueni, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa.

Kambu ilikuwa kazi tofauti. Huko mtu anakula saa sita mchana, na ikifika jioni yuko mbali na wewe kilomita mia tatu. Akiugua, atalaumu chakula cha Mombasa. Malori yanasimama, mabasi yanasimama, watu wanashuka na njaa, wanakula haraka, wanaondoka. Nilikuwa peke yangu na pikipiki moja. Msimamizi wangu alikuwa mbali, nikimwona mara moja kwa mwezi, na vifaa vilikuja vinapokuja.

Hoteli bora ya Kambu ilikuwa ya Kasyoka. Alikuwa rika langu, mjane mwenye watoto wawili, Nduku na Mutua. Alianza na jiko moja la kuni na meza mbili, akafika meza kumi na nne. Sakafu yake ungeweza kukalia na nguo nyeupe. Wahudumu wake wote walikuwa na vyeti, na yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha vinapokaribia kuisha. Niliposimama kwake kukagua, aliacha kazi akanifuata na daftari, akaandika kila nilichosema. Tukawa marafiki. Nilianza kula kwake kila mchana, na kila aliyeniuliza pa kula njia ya Mombasa nilimwambia: kwa Kasyoka, usisimame pengine.

Mwaka mmoja ukaja ukame mkali. Mbuzi walikufa, na maji yakawa yanauzwa kwa madebe. Mvua ilipokuja ilikuja yote kwa wiki moja, ikasomba vyoo na mavi ya mifugo ikavimwaga kwenye mabonde na visima vifupi. Katika siku hizo hizo leseni ya Kasyoka ilikuwa inakwisha. Nilienda kumkagua. Nilitazama jiko, choo, vyeti, vyote safi kama kawaida. Tukafika kwenye tangi.

"Madam," akasema, "hii maji si ile ya kawaida. Pampu ya kisima imeharibika, nimenunua ile inaletwa na punda. Utaipima?"

Vidonge vyangu vilikuwa vimekwisha. Nilikuwa nimeagiza, havijafika. Ningeweza kumwambia asubiri. Lakini leseni ilikuwa inakwisha kesho yake, na nilijua akifunga hata siku mbili mabasi yatazoea kusimama kwingine. Na nilikuwa nimechoka.

"Leo sina vidonge," nikamwambia. "Lakini wewe nakuamini. Ya kunywa chemsha tu."

Nikatia sahihi. Safu ya klorini nikaiacha tupu, nikisema moyoni nitairudia. Vidonge vilifika siku ya nne. Siku hiyo nilikuwa na machinjio ya kukagua, na siku iliyofuata nilikuwa na mkutano. Sikurudi.

Siku ya sita mchungaji wa Matinyani akanipigia simu. Alisema kanisa limekodi basi, wanakwenda kwenye kongamano Mombasa, yeye na mkewe na waumini. Wangefika Kambu mchana huo. Akaniuliza wale wapi. Nikamwambia kwa Kasyoka, na nikaenda mwenyewe kuwapokea. Mama Ruth alinishika mikono yote miwili, akaniambia nimekonda. Walikula muthokoi na kachumbari, wakanywa maji ya jagi kwa sababu joto lilikuwa kali. Kasyoka alikuwa amechemsha ya asubuhi, na yalipokwisha mhudumu akajaza majagi kutoka kwenye tangi. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na Mama Ruth. Sikunywa, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kunywa chai. Nilimmiminia yeye.

Kesho yake watu tisa wa basi lile walikuwa hospitalini Mombasa. Kilikuwa kipindupindu. Wanane walipona. Mama Ruth alikufa siku ya pili.

Wakati huo huo wagonjwa walianza kuonekana Kambu penyewe. Nilichukua sampuli za maji kwenye hoteli zote, nikazipeleka maabara kwenye sanduku la barafu. Tangi la Kasyoka lilikuwa na vijidudu vya kipindupindu. Mimi ndiye niliyebandika karatasi ya kufunga mlangoni pake. Alisimama akinitazama nikipaka gundi.

Nilikwenda mazishini Matinyani. Mchungaji alinikumbatia mbele ya watu wote. Akasema, "Ni yeye aliniambia nikupigie. Alisema, Mwende hawezi kukubali tule mahali pachafu." Hakunilaumu hata kidogo. Alikuwa ananifariji.

Niliporudi, msimamizi wangu aliniita ofisini kwake mchana. Faili ya hoteli ya Kasyoka ilikuwa mezani. Alisema timu ya uchunguzi itaisoma kesho asubuhi, na kwamba safu ya klorini iko tupu. Akaniambia nikae nayo nikumbuke kama nilipima. Kisha akaenda kula. Mpaka leo sijui kama alimaanisha nilivyoelewa mimi. Lakini alichofanya ni kuniachia faili tu. Kalamu ilikuwa yangu. Niliandika sifuri nukta tano, namba nzuri, maji yenye kinga. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kila siku. Hilo ndilo linalonishangaza nikikumbuka.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika kwenye ukumbi wa mikutano. Kasyoka alivaa nguo ya kanisani. Alieleza habari ya pampu, ya punda, ya majagi, bila kuficha lolote, hata lile la mhudumu wake. Mwishoni akasema kwamba yeye aliomba maji yapimwe, na Madam hakupima. Mwenyekiti akanigeukia.

"Ulipima?"

"Nilipima," nikasema.

Kasyoka alinitazama. Nilidhani atapiga kelele. Aliketi tu, kama mtu aliyechoka kusimama.

Wakaamua kwamba maji yalikuwa salama siku ya ukaguzi, na yalichafuliwa baadaye kwa uzembe wa mwenye hoteli. Leseni ikafutwa. Watu wa Kambu, waliokuwa wakigombea meza kwake, walianza kuvuka barabara wakimwona. Baada ya miezi michache alifunga vitu vyake, akarudi kwao, upande wa kusini wa Kitui. Na mimi, mwaka uliofuata, nilipandishwa cheo nikarudishwa Kitui mjini kuwa naibu wa Afisa Mkuu. Barua ilisema nimeonyesha uaminifu katika wakati mgumu.

Nilifanya kazi miaka mingine kumi na moja. Nilifundisha maafisa wengi wachanga. Nilikuwa mkali sana juu ya maji, na walinisifu kwa hilo. Wageni waliendelea kuniuliza pa kula, nami nikawa nawajibu kwamba siku hizi sijui, waulize wengine. Walidhani ni unyenyekevu. Mchungaji alikuwa akinisalimia kila tulipokutana sokoni, na kila mara nilikusudia kumwambia, na kila mara nikamuuliza habari za mvua.

Kisha nikasikia kwamba mchungaji amefariki. Nilifunika uso kwa kanga nikalia, na mume wangu akadhani namlilia mzee. Ilipobaki miezi michache nistaafu, nikaamua kumtafuta Kasyoka.

Nilimkuta nyumbani kwao akipura pojo. Alikuwa amezeeka kunizidi. Alinipa kiti, akaendelea na kazi. Nilikaa pale kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ninyi mnajua desturi ya Ukambani. Hata mtu aliyepotea njia akifika kwako unampa maji. Kasyoka hakunipa. Sikuomba.

"Nimekuja kukuambia kwamba sikupima," nikasema.

"Najua. Nilikuwepo."

Nikamweleza habari ya namba na kalamu. Alisikiliza bila kuinua macho. Nikamwomba msamaha. Akamwaga pojo kwenye ungo, akapepeta.

"Mimi unaniambia nini? Mimi najua," akasema. "Watoto wangu ndio hawajui. Nduku aliacha shule kwa kuitwa mtoto wa kipindupindu. Nikimwambia haikuwa makosa yangu yote, anaona ni mama anajitetea. Na hata hapa hiyo habari ilinifuata. Tangu nirudi sijawahi kuitwa kupika, hata kwa matanga. Wanawake wote wanapika, mimi naambiwa nikae na wageni. Kuja useme kanisani, mbele yao. Halafu ndio tutaongea habari ya msamaha."

Nilikwenda Jumapili ya wiki iliyofuata. Baada ya matangazo mzee wa kanisa akaniita mbele. Nilisema jina langu, kazi yangu, na nilichofanya, kwa mpangilio wake: tangi, sahihi, simu, jagi, namba, na neno lile nililolisema ukumbini. Nduku alikuwa ameketi kwenye benchi la tatu, mwanamke mzima sasa, amempakata mtoto. Alipoelewa ninachosema alimpa mtu wa karibu yake yule mtoto, akafunika uso.

Siku hiyo wanawake walikuwa wamepika chakula cha pamoja. Ibada ilipokwisha mke wa mzee wa kanisa alichukua mwiko akampelekea Kasyoka, akamwomba apakue. Kasyoka aliutazama ule mwiko. "Mpe Nduku," akasema. Kisha akanijia, akanishika mkono, akaniambia asante kwa kuja, Madam. Hakunikaribisha kula. Nilielewa, nikarudi Kitui.

Kwa Ruth, binti wa mchungaji, nilikwenda peke yangu. Alikuwa akichambua mahindi kwenye ungo, na nilipomaliza kusema mikono yake ilikuwa imesimama.

"Baba alimwombea huyo mama wa hoteli kila Jumapili," akasema. "Alimwomba Mungu amsamehe kwa kumuua Mama. Mpaka akafa akimwombea."

Aliinuka akaingia ndani, na hatujazungumza tangu siku hiyo.

Ofisini niliandika barua ya kueleza yote. Niliitwa mbele ya kamati, nikapewa onyo, na lile neno la uaminifu likafutwa kwenye faili yangu. Nilistaafu bila kuagwa. Naona hivyo ndivyo ilivyostahili. Juu ya faili ya Kasyoka iliandikwa sahihisho la mistari miwili, nami nikampelekea nakala. Sijui aliiweka wapi.

Sasa nalima mboga kidogo nyuma ya nyumba. Maafisa wachanga huja kunitembelea, baadhi wakijua habari hii, baadhi wakiisikia kwangu kwa mara ya kwanza. Majuzi mmoja wao, msichana aliyepangiwa kituo cha barabarani, aliniuliza afanye nini vidonge vikiisha na mwenye hoteli ni mtu mzuri. Nilimwambia hilo swali nalijua, na jibu lake ni fupi. Kwenye ile safu andika: hayajapimwa. Uandike, utie sahihi yako chini yake, uende zako.

Ningeandika hivyo, leseni ingechelewa mpaka vidonge vifike, na vidonge vingeonyesha maji hayana kinga. Kasyoka angeninunia wiki moja, labda mbili. Basi la kanisa lingekuta mlango umefungwa, na waumini wangelalamika njaa mpaka mji unaofuata. Na Mama Ruth angekuwa hai leo, ana miaka themanini na kitu, anaumwa magoti, akiniuliza mbona nimekonda.